Kucha Nyekundu ya Karani

Mkwe wangu aliingia nyumbani kwetu na bisibisi. Mwanangu alikuwa amemleta tumwone. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha marehemu mume wangu, nguo imenyooka, nangoja kusalimiwa inavyopasa. Akasalimu vizuri sana, magoti yakainama kidogo, kisha akainua macho na kuona miwani yangu imelala upande mmoja. Hapo adabu zote zikamponyoka.

"Samahani, Mama, skrubu imelegea."

Kabla sijajibu, miwani ilikwisha kutoka usoni mwangu. Alitoa mkobani bisibisi nyembamba kama sindano akaanza kukaza, na mimi niliyeketi pale kumkagua nikawa sioni hata pua yake.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye anaishi nasi tangu ndoa yake ivunjike, alininong'oneza kwa sauti iliyofika jikoni: "Tulitafuta mke, tumeletewa fundi."

"Basi mmepata wawili, Shangazi," msichana akajibu bila kuinua kichwa, "na sahani ya kuwalisha ni moja."

Mwanangu akakohoa. Wifi akafunga mdomo, jambo ambalo halitokei kila mwaka.

Naeleza hivi ili msomaji amjue mtu mwenyewe, maana mtaani habari zake zimesimuliwa na watu ambao hawakuwa chumbani. Sisi si familia ya kujibizana na barabara. Lakini maneno yakishakuwa mengi, afadhali ya kweli yaandikwe, na yaandikwe na mtu aliyekwenda shule. Wifi ameniruhusu kuandika sehemu yake kwa sharti moja tu: niseme kwamba alichofanya alikifanya kwa heshima ya nyumba. Nimesema.

Kazi ya mkwe wangu ni kukata lenzi. Nyuma ya duka la miwani kuna chumba chembamba chenye dirisha moja, na humo ndimo anamoshinda. Mashine ya kusagia inanguruma, maji yanatiririka juu ya jiwe lake, na ungaunga mweupe unamkaa kwenye nyusi, hata akirudi jioni anaonekana mzee kuliko mimi. Mwenye duka, ambaye kila mtu anamwita Mzee wa Miwani, ndiye aliyemfundisha, na somo la kwanza lilikuwa hili: lenzi haikatwi kabla haijatiwa kitone chekundu katikati na alama ya kulia au kushoto. "Ukizichanganya," humwambia kila mwanafunzi, "mteja ataona ngazi mbili palipo na moja, na atavunjika mguu akikutaja jina."

Mikono ya mzee huyo imeanza kutetemeka. Alisema mbele ya watu, nami nilikuwapo, kwamba akipumzika, meza ile na mashine ile vitakuwa chini ya mkwe wangu, si chini ya mpwa wake anayeshinda akichezea simu. Mkwe wangu alikosa usingizi kwa furaha. Ila mtu huyu hata bila furaha hulala kwa shida. Anakula amesimama. Akipiga mswaki anazunguka nyumba nzima, anafunga kabati, anasogeza viatu, anagusa paji la uso la mtoto huyu na la yule. Nimemwambia mara nyingi, "Mwanangu, kaa, kiti hakiumi." Anakaa, na kabla kiti hakijapata joto amekwisha kuondoka.

Watoto wake ni pacha, wavulana, wamefanana kama macho mawili ya mtu mmoja. Aliyetangulia alitoka analia akidai kila kitu, baba yake akamwita Bosi. Wa pili alitoka kimya, macho wazi, kama aliyekuja kuandika yanayosemwa. Huyo akawa Karani. Mama yao hajawahi kuwakosea, hata gizani. Mimi nawatambua wakitembea. Wifi yangu husema anawajua pia.

Karani aliugua degedege kwa mara ya kwanza akiwa na mwaka mmoja na nusu. Alikuwa na homa tangu asubuhi, mama yake yuko kazini. Ghafla mwili ukakakamaa, macho yakapinduka, mikono na miguu ikaanza kutupwatupwa. Wifi alitoka mbio hadi barabarani, kilemba kikining'inia shingoni, akipiga kelele: "Kifafa! Jamani, kifafa kimeingia kwetu!" Mtaa ulipofika mlangoni mtoto alikwisha kutulia, amelala kwa uchovu. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na neno si kuku, huwezi kulirudisha bandani. Yaya tuliyekuwa naye alichukua mkoba wake siku hiyo hiyo.

Daktari wa watoto, mwanamke kijana mwenye sauti nzito, alimpima na kutueleza. Ni degedege la homa. Huwapata watoto wengi wadogo, tangu miezi sita hadi miaka mitano hivi, homa inapowapanda, na wengi wao huachana nalo wakikua.

"Kwa hiyo si kifafa," wifi akasema kwa sauti, akigeukia dirisha kama vile mtaa mzima ulikuwa umesimama nje.

"Si kifafa. Na kingekuwa kifafa, Mama, ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Hauna aibu. Likimshika tena, mlazeni ubavu, mlegezeni nguo, msimtie kitu chochote mdomoni, na mtazame saa. Likipita dakika tano, mleteni mbio."

Yote tuliyashika, isipokuwa lile la aibu. Tangu siku hiyo Karani hakutolewa nje. Kila aliyepita alikuwa akimkodolea macho kama anayengoja mchezo uanze, na sisi hatuna desturi ya kutazamwa. Bosi alicheza uani juani hadi jasho likamtoka, ndugu yake akakaa sebuleni nyuma ya pazia. Na mtoto asiyecheza hali chakula. Yai lake lilihamia sahani ya Bosi, samaki wake vilevile. Homa ikaja, degedege likaja nayo, mara ya pili na ya tatu. Kila yaya aliyeajiriwa aliliona, akakumbuka kwamba ana mgonjwa kwao. Mwishowe wifi akasema yeye atabaki na watoto. Hapo nampa haki yake: hakuna aliyemlazimisha.

Baada ya mara ya tatu daktari alitaka damu ya watoto wote wawili. Bosi alikutwa sawa. Karani alikuwa na upungufu mkubwa wa vitamini D.

"Mwili huitengeneza ngozi ikipata jua," daktari alisema, akiugeuza geuza mkono wa mtoto. "Huyu na jua wameonana lini? Mmemfuga ndani kama siri."

Nilimwuliza, kwa kuwa nimesoma na sipendi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kama upungufu huo ndio ulioleta degedege. Hakunidanganya. "Watafiti wengi wamewakuta watoto wa degedege na upungufu wa namna hii. Lakini vitu viwili kukutwa pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimemzaa mwenzake. Siwaahidi kwamba matone yatalizuia. Najua tu kwamba mifupa yake na mwili wake vinayahitaji. Basi tumpe yeye, kila asubuhi. Huyu mwingine hana haja nayo."

Mwanangu ni mpima barabara, kazi yake humpeleka mbali wiki nzima. Jioni ile alisimama katikati ya sebule, mkewe akimzunguka kukusanya vikombe.

"Tutapima tena baada ya miezi mitatu," alisema. "Kama kiwango chake hakijapanda, utaacha kazi ukae naye. Sitaki niambiwe mwanangu aliugua na mama yake anakata vioo vya watu."

"Na kikipanda?"

"Kikipanda, endelea."

"Umesema mbele ya Mama."

"Nimesema mbele ya Mama."

Tangu hapo maisha yake yote yaliingia katika chupa moja ndogo. Matone yenyewe yalikuwa matamu kama peremende. Kwa kuwa alitoka nyumbani kabla watoto hawajaamka, kazi ya kuyatoa ikawa ya wifi. Na ili kusiwe na kosa, mkwe wangu akafanya kama anavyozifanyia lenzi. Alimpaka Karani rangi nyekundu kwenye kucha ya kidole gumba cha mguu wa kushoto.

"Mwenye kitone ndiye wa dawa, Shangazi."

"Unadhani siwajui wajukuu zangu?"

"Unawajua. Hii ni ya moyo wangu, upate kutulia."

Rangi haikukaa. Kila jioni alirudi, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye mguu wa mtoto, akakuta kucha nyeupe. Akapaka upya. Kesho yake hakuna. Siku moja aliipeleka chupa ya rangi kwa mwenye duka aliyemwuzia, nami nikamfuata ili asije akalitaja jina letu kwa hasira.

"Rangi gani hii, maji yakiiona inakimbia?"

"Dada, mimi hii hapa ina wiki mbili," muuzaji akajibu, akinyoosha vidole vyake. "Labda mwanao anatembea kwa kucha."

Akanunua nyingine, ya bei juu. Nayo ikatoka.

Miezi mitatu ikapita bila homa, tukaanza kupumua. Safari hii tulimpeleka Karani peke yake. Daktari alisoma majibu, akayasoma tena, akavua miwani.

"Kiwango kimeshuka zaidi. Dawa anapewa?"

"Kila siku!" mkwe wangu akasema, amekwisha kusimama. "Chupa zinaisha, Daktari. Ya tatu iko nyumbani."

"Zinaisha, lakini mwilini hazijafika."

Kwenye korido mwanangu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Tulikubaliana," akatangulia mbele na mtoto begani. Mkwe wangu alikwenda dukani mchana huo huo kumwambia Mzee wa Miwani atafute mtu. Mzee alivua miwani yake akaifuta kwa pindo la shati, jambo analowakataza wateja wote, kisha akasema, "Maliza zilizoko mezani kwanza."

Wiki ile nyumba haikukalika. Alikuwa kama panya ndani ya debe. Alipanga kabati, akalipangua. Alipika vitu viwili akasahau cha tatu kinaungua. Mara amefungua chupa ya dawa kuinusa, mara ameiinua kwenye mwanga. "Mama, dawa hii ni maji?" aliniuliza. "Au tumbo la mwanangu halishiki kitu?" Mimi si mtu wa kubuni majibu.

Asubuhi moja alichelewa kutoka, alikuwa bafuni. Wifi, akidhani mama yao amekwisha kwenda kazini, akaingia chumba cha watoto na kitambaa kinachonuka mafuta ya taa. Mimi nilikuwa koridoni. Mkwe wangu akatoka bafuni, tukasikia sote wawili.

"Leta mguu tukufute aibu hii. Mtoto wa kiume na rangi ya kucha! Babu yako angekuwa hai angezimia. Mama yako anatutafutia maneno tu, kama yaliyopo hayatoshi."

Mkwe wangu alitaka kuingia. Nikamshika mkono. "Ngoja," nikamwambia. "Jambo likikatizwa njiani halijulikani lilikokuwa linakwenda."

Kucha ikafutwa. Watoto wakavalishwa mashati yaliyofanana, wakakimbizana, wakaingia chini ya meza, wakatoka upande wa pili, wakapewa mkate. Ndipo wifi akaitikisa chupa na kuita kwa sauti ya mapenzi: "Karani! Karani wa Bibi! Njoo dawa!"

Bosi akatupa mkate. Akaja mbio, kidevu juu, mdomo wazi kama kinda. Karani hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameketi sakafuni anaingiza makombo kwenye tundu la kiatu, moja baada ya jingine.

"Mtoto mzuri huyu," wifi akasema, akadondosha matone. "Hasumbui dawa."

"Shangazi," mkwe wangu akasema kutoka mlangoni. "Huyo ni Bosi."

Wifi alishtuka, chupa nusura imtoke. "Bosi? Bosi si yule pale sakafuni?"

"Yule ni Karani."

Wifi akamgeukia aliyekuwa mbele yake. "Wewe. Wewe ni nani?"

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama bibi yake, kisha akaitazama chupa. "Kalani," akasema, na kufungua mdomo tena.

Nilicheka, siwezi kukana. Mkwe wangu hakucheka. Alimnyanyua Karani kutoka sakafuni, akambana kifuani, akaanza kutembea naye kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Wifi aliketi kitandani na kitambaa chake mkononi. Sikumbuki kumwona akiwa mdogo namna ile.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu namnywesha mwingine."

"Sitamwambia baba yao," mkwe wangu akasema, bado anatembea. "Nitasema nilikosea mimi, labda chupa. Shangazi, usilie, watakuona."

"Usiniamulie cha kulilia." Wifi akasimama. "Na usinisitiri kwa hasara yako. Mimi nimezaliwa katika ukoo huu, wewe umeolewa tu. Hujui sisi tunavyokosa. Tunakosa wenyewe, tunasema wenyewe."

Tulimpeleka Bosi kupimwa. Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Kiwango chake kingewatosha wawili. Hakijafikia kumdhuru, lakini dawa hii ikizidi nayo inaumiza. Huyu asiguse tena chupa." Kisha akamnyooshea wifi kidole, akarudia tangu mwanzo: mtoto yupi, matone mangapi, jua la wakati gani, degedege likija afanye nini. Wifi, ambaye hajawahi kufundishwa na mtu aliyezaliwa baada yake, alirudia kila neno.

Mwanangu alipofika mwisho wa wiki, wifi alimweleza yeye mwenyewe, amesimama, kabla hajavua viatu. Mwanangu aliketi pale pale kwenye ngazi, kiatu kimoja mkononi.

"Sawa, Shangazi. Lakini sasa ndiyo nimwache mama yao aende kazini, na wewe huwatofautishi?"

"Kucha haitafutwa tena."

"Na akiugua? Utatoka tena barabarani kuita watu?"

Hapo nikaingia mimi. Nilimwambia mwanangu kwamba mama asiyefanya kosa hakustahili kulipia kosa, na kwamba baba yake asingetoa hukumu kama hiyo mlangoni, tena kwa kiatu kimoja. Akafikiri. Akasema mkewe aendelee na kazi kwa sasa. Lakini siku degedege litakaporudi na nyumba ikavurugika kama mwanzo, siku hiyo ndiyo ya mwisho dukani, na asiombwe tena.

Kwa hiyo hatukupumzika, tulibadilisha tu kinachotukosesha raha. Karani alitolewa nje. Kila asubuhi wifi aliketi naye kwenye baraza ya mbele, si uani, mtaa mzima ukiona mguu wa mtoto na kucha yake nyekundu. Mtu akitazama sana, wifi alitazama zaidi. Matone yaliingia mdomo uliostahili. Damu ilipopimwa tena, kiwango kilikuwa kimepanda vizuri, na mkwe wangu akaja na habari hiyo akikimbia, akaisema mara mbili, kisha akauliza papo hapo, "Na homa ikija?"

Ikaja. Watoto wote walipata mafua, na Karani, kama kawaida yake, akachukua fungu kubwa. Asubuhi ile paji la uso lilikuwa vuguvugu tu, na mama yake aliligusa mpaka wifi akamsukuma nje ya lango. Karibu na adhuhuri likawaka. Wifi alikuwa amempakata barazani, mimi niko ndani natafuta dawa ya homa, jirani wa ng'ambo amesimama langoni akisimulia habari za watu. Nikasikia jirani amekatiza hadithi katikati.

Nilipotoka, mtoto alikuwa amekakamaa. Wifi alikuwa amekwisha kumlaza ubavu juu ya mkeka, amemfungua vifungo, mkono mmoja nyuma ya kichwa chake. Macho ya wifi yalikuwa kwenye saa yake.

"Mtieni kijiko!" jirani akapiga kelele. "Atang'ata ulimi! Nikalete kijiko?"

"Kijiko kakorogee chai yako."

"Jamani, si kifafa hicho?"

"Ni degedege la homa," wifi akasema bila kuondoa macho kwenye saa. "Na kingekuwa kifafa, ni cha mtoto wetu, hujaombwa ukibebe. Sogea, unamzibia hewa."

Jirani akasogea. Mikono midogo ilitupwa, ikatupwa, ikapungua. Mtoto akavuta pumzi ndefu yenye kukwaruza, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Dakika tatu hazikufika. Ndipo wifi alipofuta uso wake mwenyewe.

Tulimpeleka kwa daktari kuangaliwa homa inatoka wapi, akakuta koo limevimba. Kisha wifi akampigia simu mama wa mtoto, na kabla hatujamaliza kuandikiwa dawa alikuwa amefika, nyusi nyeupe, aproni haijavuliwa. Alimgusa mtoto kila mahali. Akamuuliza wifi, akaniuliza mimi, akamuuliza daktari, akarudi kumuuliza wifi.

"Amelala," wifi akamwambia. "Homa inashuka. Nini kingine unataka, nimwamshe akueleze?"

"Basi nibaki."

"Ubaki umtazame akilala? Mezani umeacha nini?"

"Lenzi moja. Ya mwalimu, anaingoja dukani."

"Basi nenda."

Alitoka, akarudi, akamgusa tena, akatoka.

Mwanangu alipiga simu jioni kutoka huko aliko na barabara zake. Habari ilikuwa imemfikia, mtaa wetu hauhitaji posta. Wifi alichukua simu kabla yangu.

"Ndiyo, limemshika. Limemwachia. Daktari amemwona, ni koo... Nani alikuwa naye? Mimi... Hapana, sikutoka nje. Nilikuwa nje tayari, nikabaki pale pale."

Akasikiliza.

"Mkeo? Amekuja, amemwona, nimemrudisha kazini."

Nilisogea karibu nisikie. Upande wa pili upepo ulikuwa ukipuliza kwenye simu.

"Haya, Shangazi," mwanangu akasema mwishowe. "Aendelee na kazi, na asijue kwamba nimeuliza."